Jumatatu bila Tom Scott

Jamani mi bado sijazoea. Miaka 10 Tom Scott, yule kaka wa Uingereza na tisheti yake nyekundu, anapandisha YouTube video za kueleza vitu vinavyofanya kazi kila Jumatatu, hakosi, halafu tarehe 1 Januari 2024 akasema basi, anapumzika. Siku hiyo huku Uyole, Mbeya, mvua balaa, mi na mdogo wangu tumejifunika blanketi moja tunaangalia kwa simu yangu, bando lenyewe tumechangiana, ilipoisha tukakaa kimya tu. Kiingereza changu kimenyooka kwa yule jamaa, na mpaka leo nikiona daraja au mtambo wowote nasimama najiuliza unafanyaje kazi. Simlaumu, kila wiki miaka yote hiyo si mchezo, apumzike kabisa. Ila Jumatatu jioni mkono bado unaenda wenyewe kwenye simu.