Pedi Moja Inakaa Muda Gani?

Nilikuwa na miaka 48, na kwa karibu mwaka mzima sikuwa nimevaa nguo nyeupe. Usiku nililalia taulo. Niliamka mara tatu kubadili pedi, na asubuhi yalitoka mabonge. Nikajiambia ni umri, hedhi inaaga, nivumilie.

Daktari hakuniuliza kama natoka damu nyingi. Aliuliza, "Mama, pedi moja inakaa muda gani?" Nikasema saa moja, pengine haifiki. Akaweka kalamu chini. Neno "nyingi" nilikuwa nimelizoea mpaka likapoteza maana. Saa moja hata mimi iliniogopesha nilipoisikia ikitoka mdomoni mwangu.

Kipimo kilionyesha hemoglobini 7.9, yaani damu imepungua sana mwilini. Kumbe ndiyo maana ngazi zilikuwa zinanishinda! Tiba aliyoifikiria ni kitanzi, kile kidude kinachowekwa ndani ya mji wa mimba, lakini hakunipa siku ile. Kwa kuwa nilishavuka miaka 45, alitaka kwanza ultrasaundi na kinyama kidogo kutoka ndani ya mji wa mimba, ahakikishe si saratani. Nilisubiri majibu siku kumi, na sizitamani tena. Yalikuja salama.

Ndipo akanieleza. Katika umri huu kuna miezi yai halitoki, homoni ya projesteroni inakosekana, na homoni nyingine, estrojeni, inaendelea kuujaza utando wa mji wa mimba. Ukibomoka, ni mafuriko. Kitanzi chenye homoni humwaga levonojestreli, homoni inayofanya kazi kama projesteroni, kidogo kidogo humo humo ndani, utando ukabaki mwembamba. Mimi nilidhani vitanzi ni vya kupanga uzazi tu.

Kukiweka hakukufika dakika kumi. Muuguzi alinishika mkono, akasema, "Kohoa, dada." Nikakohoa, tumbo likakaza kama uchungu wa kujifungua, mara mbili, likaachia. Kiliuma, sitaki kumdanganya mtu. Nililala pale kidogo mpaka kizunguzungu kikaisha.

"Utaona matone matone miezi kadhaa, usikate tamaa," daktari aliniambia, akaniandikia vidonge vya madini ya chuma na kunitaka nihesabu pedi kwenye daftari. Asingenionya, ningerudi kitolewe mwezi wa pili, maana matone yalinichosha kweli.

Daftari hilo ninalo bado. Ukurasa wa kwanza una siku yenye pedi 14. Wa mwezi wa sita una nukta mbili za kalamu, basi.