Ukitafuta kambi karibu na jiji, ulizia usiku wake kwanza

Mara ya kwanza tumeenda kupiga kambi kama familia mi nilichagua sehemu kwa picha. Na picha zilikuwa nzuri kwakweli, nyasi za kijani, ziwa kwa nyuma, hema moja tu limesimama chini ya mti mkubwa, halafu ni mwendo wa lisaa limoja na nusu kutoka mjini, basi nikabuku siku hiyohiyo. Tulivyofika mchana palikuwa vilevile kama kwenye picha, watoto wakakimbilia maji, mume wangu akasimamisha hema, raha tupu. Kasheshe ikaanza giza lilipoingia. Saa saba usiku nimekaa ndani ya hema na watoto wote wawili macho, jenereta linaunguruma hatua chache tu kutoka tulipo, kundi la upande wa pili wamekuja na spika na ndo kwanza wamechangamka, taa kubwa ya chooni inatumulika, na baridi inapanda kutoka chini kama tumelala kwenye sakafu. Yule mdogo akaniuliza, mama tunarudi nyumbani saa ngapi?

Hilo swali liliniuma sana, kwa sababu mi ndo nilikuwa nimewaahidi watalala wanasikia wadudu na miti. Nilivyorudi nikazifungua tena zile picha, zote zimepigwa mchana, hakuna hata moja ya usiku. Na ukihesabu vizuri, kambini masaa mengi ni ya giza, jua likizama saa kumi na mbili na nusu na ukaamka saa kumi na mbili asubuhi hapo ni karibu masaa 12 upo ndani ya hema au umekaa nje kwenye giza. Tangu hapo nikitafuta kambi cha kwanza naulizia usiku wake ukoje, maana mchana karibu kila sehemu yenye miti inapendeza.

Sasa kwa kambi zilizo karibu na jiji kubwa kitu kinachoharibu usiku kuliko vyote ni sauti, na ubaya wake ni kwamba ukienda kupaangalia mchana hutaisikia. Mchana ardhi inakuwa na joto, hewa ya chini inakuwa ya moto kuliko ya juu, na sauti ikipita kwenye hewa ya namna hiyo inapinda kuelekea juu inapotelea huko. Usiku mambo yanageuka, ardhi inapoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, sauti inapinda kurudi chini, yaani barabara kuu iliyo kilomita 2 au 3 ambayo mchana hukuijua kama ipo, usiku unasikia malori yanavyobadilisha gia. Kwa hiyo kabla sijalipa chochote nafungua ramani ya setilaiti naizunguka ile kambi pande zote, kilomita 5 hivi, naangalia barabara kuu, naangalia reli kwa sababu treni za mizigo mara nyingi zinapita usiku, naangalia machimbo ya kokoto, kumbi za sherehe, na uwanja wa ndege njia yake ya kurukia imeelekea wapi. Halafu usidanganyike na miti. Mstari wa miti unaificha barabara usiione lakini sauti inapenya tu, labda uwe msitu mnene na mpana kweli, kinachozuia sauti ni kilima. Nikiona kuna kilima kati ya barabara na kambi hapo moyo wangu unatulia.

Umbali ndo watu wengi wanaanza nao, kilomita ngapi, kilomita ngapi. Kilomita hazisemi kitu ukiwa unatoka jiji kubwa Ijumaa jioni, kilomita 40 za kutoka mjini zinaweza kula muda kuliko 100 zinazofuata. Ramani za simu nyingi zinakuruhusu uchague siku na saa ya kuondoka, weka Ijumaa saa kumi jioni uone, usiweke Jumatano asubuhi ukafurahi bure. Mi kwa safari ya kulala siku mbili nakubali mpaka masaa mawili na nusu, zaidi ya hapo watoto wanachoka na sisi tunafika tumenuna. Na kuna kitu nimekiona mwenyewe, zile kambi za lisaa limoja ndo zinajaa kila mtu, ukijikaza ukaenda dakika arobaini mbele zaidi watu wanapungua kabisa na wanaofika huko wengi wamefuata utulivu kama wewe. La muhimu ufike angalau lisaa limoja na nusu kabla ya jua kuzama, ukifika gizani unasimamisha hema popote unapoonyeshwa na hapo umeshapoteza nusu ya safari.

Halafu piga simu. Najua siku hizi kila kitu tunabuku kwa kubonyeza tu, lakini dakika tano za kuongea na mtu anayelala pale zinakuambia vitu ambavyo tovuti haitakuambia. Mi nauliza hivi, kaka samahani, hapo mnatumia jenereta? Linazimwa saa ngapi? Mna muda wa watu kukaa kimya usiku, na akipiga mtu kelele baada ya muda huo nani anaenda kumwambia? Hilo la mwisho ndo lenye jibu, kwa sababu kambi nyingi zimeandika kwenye kibao kwamba mwisho wa kelele ni saa nne usiku, lakini kama hakuna mlinzi wa kwenda kugonga hema la mtu kile kibao ni rangi tu. Cha tatu nauliza kama kuna kundi kubwa limebuku wikiendi hiyo. Kuna msimamizi mmoja aliniambia waziwazi, dada nisikufiche, hiyo wikiendi kuna kampuni inaleta watu themanini na watakuwa na muziki, njoo wiki inayofuata utapata kona yako nzuri. Nilimshukuru sana yule kaka, na tumeshaenda pale mara nne sasa.

Ukipata kambi bado kazi ipo, kwa sababu ndani ya kambi moja kuna usiku wa aina tatu nne tofauti kutegemea hema limekaa wapi. Watu wanapenda bondeni karibu na maji, panapendeza, lakini hewa ya baridi ni nzito, usiku inashuka kutoka kwenye miteremko inajaa bondeni kama maji yanavyojaa kwenye bakuli, kwa hiyo aliyelala pale chini anatetemeka na aliyelala juu kidogo kwenye mteremko yuko sawa, na wote wapo kambi moja. Asubuhi angalia umande umelala wapi utaelewa. Na kama kambi yenyewe ipo mlimani kumbuka joto linashuka kama nyuzi 6.5 kila ukipanda mita 1000, jiji likiwa na nyuzi 20 usiku na kambi ipo mita 1000 juu yake jiandae na 13 au 14 hivi, usifungashe nguo kwa kuangalia hali ya hewa ya mjini. Ile baridi ya kutoka chini niliyosema mwanzo nayo ilikuwa kosa letu, tulibeba mablanketi mengi ya kujifunika na chini tukaweka turubai tu, wakati blanketi ukililalia linabonyea linabaki halina hewa ndani, halikukingi tena na ardhi. Godoro la foam hata jembamba linafanya kazi kuliko blanketi la tatu la juu.

Maji nayo. Kukaa mita 60 hivi kutoka mtoni au ziwani kunatosha, unayaona, unayasikia, lakini humwagi maji yako ya sabuni ndani yake, unawaachia wanyama njia yao ya kwenda kunywa, na mbu wa kwenye maji yaliyotuama nao wanakuwa mbali kidogo. Kama ni mto, tafadhali sana angalia matawi ya miti ya pembeni, ukiona majani makavu, vijiti na mifuko ya plastiki vimenasa juu kwenye matawi ujue maji yalishawahi kufika pale, na mvua haihitaji kunyesha ulipo wewe, inanyesha mbali huko juu na mto unajaa usiku mkiwa mmelala wakati kwenu anga jeupe. Hapo mi siweki hema hata kwa bure. Na kabla ya kuweka chini ya mti inua macho, tawi kavu lililoning'inia halina siku maalum ya kuanguka, na ule mti mmoja mrefu uliosimama peke yake uwanjani ni wa kuukimbia radi zikianza.

Choo sina mengi, usikae jirani nacho kwa sababu ya taa na milango inayobamizwa usiku kucha, wala usikae mbali mpaka mtoto aogope kwenda, hatua mia hivi kwetu zinatosha. Uliza tu kama maji yanatoka muda wote na kama usiku kuna mwanga wa njiani.

Nilitaka kuongea kuhusu anga maana hilo ndo limenifanya niendelee. Tukiwa mjini watoto wangu walikuwa wanajua nyota ni zile tano sita zinazoonekana juu ya maghorofa. Kuna kipimo cha giza la anga alichokitoa John Bortle mwaka 2001, kina madaraja 9, daraja la 1 ni giza halisi na la 9 ni katikati ya jiji, na kuna ramani za bure mtandaoni zinazoonyesha mwanga wa miji, unaweza kuangalia kambi yako ipo upande gani. Karibu na jiji kubwa hutapata la 1, usijisumbue, lakini ukipata la 4 hivi, Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota nyingi, unaiona kabisa imekatiza anga. Mwelekeo nao ni muhimu, chagua sehemu ambayo mwanga wa jiji unabaki mgongoni na kilima kimeuficha, na upange tarehe usiku ambao hakuna mwezi. Kipimo chetu sisi ni Kilimia, kile kikundi kidogo cha nyota zilizobanana pamoja, tunazima tochi zote, tunasubiri nusu saa macho yazoee giza (simu mfukoni, ukiiwasha mara moja tu unaanza upya), halafu kila mtu anahesabu nyota za Kilimia anazoziona. Mjini tulikuwa tunaona ukungu tu au tatu. Kule kwa yule kaka msimamizi mtoto wangu mkubwa alihesabu saba, akarudia tena, saba, akamwamsha baba yake kumwambia.

Kitu kimoja nakisema kwa sauti kabisa kwa sababu baridi ikizidi watu wanajaribiwa, usiingize jiko la mkaa ndani ya hema, hata likiwa limebaki majivu yanayowaka kidogo, hata kwa dakika chache za kupasha joto. Ile hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala haikuamshi, inaua mtu akiwa usingizini, na familia nzima zimeshakufa hivyo. Mtoto akisikia baridi mvalishe soksi na kofia, mlete katikati yenu, jazeni maji ya moto kwenye chupa inayofunga vizuri aikumbatie. Na kabla hujafika hakikisha umehifadhi ramani kwenye simu ya kutumia bila mtandao na unajua hospitali ya karibu ni ipi, ni kazi ya dakika mbili ukiwa bado mjini.

Ukifika usishushe mizigo kwanza. Zunguka kambi yote kwa miguu, simama ufunge macho usikilize, ukiona nafasi uliyopangiwa haifai omba kubadilishiwa hapohapo, wakati hema bado lipo kwenye gari ni ombi dogo na mara nyingi wanakubali. Halafu mlale chini kwenye hiyo sehemu kabla ya kugonga kigingi hata kimoja, mwili unajua mteremko na vijiwe ambavyo macho hayavioni, na kama kuna mteremko kidogo vichwa vikae upande wa juu. Kwetu hiyo kazi wamepewa watoto. Tukifika tu wanajilaza nyasini mikono pembeni, wamefumba macho kama wamelala kweli, na yule mdogo ndo msimamizi mkuu, akisema mama hapa kuna kijiwe mgongoni tunasogea, tunasogea tena, mpaka aseme hapa.