Je, Norah Jones ni jazi? Anza na kile kinachoshuka chini ya sauti yake

Come Away with Me, albamu ya mwimbaji na mpiga piano Norah Jones, ilitoka tarehe 26 Februari 2002. Hadi leo, itaje mbele ya watu wa jazi uone: mmoja atatabasamu, wa pili atakunja uso, wa tatu atafanya yote mawili kwa pamoja. Huyo wa tatu ndiye aliyesikiliza vizuri.

Takwimu kwanza, maana bila hizo ugomvi wenyewe hauna maana. Usiku wa Grammy wa Februari 2003, albamu hiyo iliondoka na tuzo 8. Tano zilikwenda kwa Norah mwenyewe, ikiwemo ya Albamu ya Mwaka. Jesse Harris alipata ya Wimbo wa Mwaka kwa kuandika "Don't Know Why", mtayarishaji Arif Mardin akapata yake, na mafundi wa sauti wakapata yao. Marekani peke yake imeuza zaidi ya nakala milioni 10. Albamu ya jazi ya kawaida ikiuza elfu kadhaa, lebo (kampuni ya kurekodi) hushukuru Mungu.

Shida inaanzia kwenye nembo. Blue Note, lebo iliyotoa albamu hii, ilianzishwa New York mwaka 1939, na kwa mpenzi wa jazi jina hilo ni muhuri wa ubora. Magwiji wa jazi walipita humo: Thelonious Monk alirekodi mwaka 1947, John Coltrane akarekodi Blue Train mwaka 1957, Art Blakey akafuata na Moanin' mwaka 1958. Sasa muhuri uleule unagongwa kwenye albamu yenye wimbo wa kantri wa Hank Williams, gitaa la nyuzi za chuma na sauti ya msichana anayeimba kana kwamba ameegemea bega lako. Ingetoka kwenye lebo nyingine yoyote, wale waliokasirika wangeipitia kimya, na huenda wengine wangeinunua kwa siri.

Malalamiko yao hata hivyo si ya wivu mtupu. Kuna nyimbo 14 ndani ya dakika 45 hivi, na ni mbili tu zinazopita dakika 4. Ukigawanya, kila wimbo unapata dakika 3 na sekunde chache. Katika muda huo mwimbaji anamaliza beti zake na mlango unafungwa. Hakuna anayepewa nafasi ya kuzunguka kodi za wimbo (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) mara tatu nne akibuni papo hapo, na kubuni papo hapo ndiyo kazi yenyewe ya jazi. "The Sidewinder" ya mpiga tarumbeta Lee Morgan, nayo ya Blue Note, iliyorekodiwa Desemba 1963, inapita dakika 10, na sehemu kubwa ya dakika hizo ni wapigaji wakipokezana. Pia, kati ya nyimbo 14, ni 3 tu zilizotoka kwa watunzi wa zamani: "Cold Cold Heart", "Turn Me On" na "The Nearness of You". Zile 11 ni za Norah, Harris, mpiga besi Lee Alexander na wenzao. Standadi halisi ya jazi, yaani wimbo wa zamani ambao wanajazi wengi huupiga, ni moja tu, hiyo ya mwisho.

Nimeitaja "The Sidewinder" kwa sababu nyingine pia. Ule wimbo ulipovuma, Blue Note ilizoea kuanzisha albamu nyingi zilizofuata kwa wimbo wa mdundo wa aina hiyohiyo, ikitafuta bahati ya pili. Shabiki mkongwe anayeikumbuka historia hiyo haogopi Norah Jones. Anaogopa watu kumi watakaotafutwa ili wafanane na Norah Jones. Na kweli, baada ya 2002 lebo ilitoa albamu za Van Morrison, Al Green na Anita Baker, wasanii wakubwa lakini si wa jazi. Upande wa pili wa daftari, miaka hiyohiyo lebo ilitoa kazi za mwanajazi Jason Moran, ikampokea mwenzake Wynton Marsalis, ikatoa mwaka 2005 ile rekodi ya Monk na Coltrane ya Carnegie Hall ya mwaka 1957, na mwaka 2006 ikamrudisha Andrew Hill na Time Lines. Siwezi kusema dola ipi ililipia kipi, lakini lebo yenye fedha hupumua vizuri kuliko lebo inayohesabu senti.

Turudi kwenye muziki wenyewe, maana huko ndiko wengi wanakosikia nusu.

Chukua "Don't Know Why". Iko kwenye ufunguo wa Bb (alama b hushusha noti nusu toni, # huipandisha), mwendo wake ni karibu mapigo 90 kwa dakika. Kodi zake (za muziki, si za serikali) katika sehemu ya kwanza zinakwenda hivi: Bbmaj7, Bb7, Ebmaj7, D7, Gm7, C7, F7sus, kisha kurudi Bb. Ukizipiga kwa mkono mzima na noti ya msingi, ile inayoipa kodi jina, chini, utasikia wimbo wa kawaida wa redio. Jaribu njia ya wapiga piano wa jazi: mwachie mpiga besi noti ya msingi, wewe shika noti ya tatu na ya saba tu ya kila kodi, ukihesabu kutoka ile ya msingi. Kwenye Bbmaj7 unapata D na A. Kwenye Bb7, D na Ab. Kwenye Ebmaj7, D na G. D7 inakupa C na F#, Gm7 inakupa Bb na F, C7 inakupa Bb na E. Ukifika F7sus, ambayo ina noti ya nne badala ya ya tatu, shika Bb na Eb, kisha malizia kwa Bb na D.

Sasa fuata noti moja moja: A, Ab, G, F#, F, E, Eb, D. Ni ngazi inayoshuka nusu toni kwa nusu toni, haikati hata mara moja, chini ya melodi ambayo mtoto anaweza kuipiga mluzi. Bb7 inaisukuma Eb, D7 inaisukuma Gm, C7 inaisukuma F. Mtu yeyote aliyewahi kujifunza standadi za miaka ya 1930 anaijua mitaa hii hata akiwa amefumba macho. Norah alisoma piano ya jazi Chuo Kikuu cha North Texas kabla ya kuhamia New York, na Harris aliandika wimbo unaoruhusu elimu hiyo ifichwe. Neno "ifichwe" nalisema kwa makusudi. Anayetafuta jazi ya albamu hii kwenye solo ataondoka mikono mitupu, kwa kuwa imewekwa kwenye usindikizaji.

Ndiyo maana orodha ya wapigaji inawachanganya wanaoidharau. Kwenye dramu yumo Brian Blade, ambaye mwaka huohuo wa 2002 anasikika kwenye Footprints Live! ya mpiga saksofoni Wayne Shorter akipiga kama radi ya masika. Mtu yuleyule, mikono ileile, hapa anakoroga brashi, zile fimbo za nyuzi zinazofagia ngoma. Yumo mpiga gitaa Bill Frisell kwenye "The Long Day Is Over", Sam Yahel kwenye ogani ya Hammond, Kevin Breit na Adam Levy kwenye magitaa, Kenny Wollesen kwenye dramu. Hao hawakukosa la kusema. Walijizuia, na kujizuia kwa namna hiyo kuna gharama yake katika mazoezi.

Anayebisha aingie jukwaani na bendi apige nyimbo hizi. Kosa la kwanza hutokea kwa mpiga piano: anaona nafasi kati ya mistari, anaijaza, kisha anasahau kunyamaza mwimbaji anaporudi. Mikono iwe kimya maneno yanapoanza. Jibu fupi la noti tatu au nne linatosha mwimbaji anapovuta pumzi. Noti za kusindikizia zikae katikati ya kibodi. Zikishuka sana zinagongana na besi na sauti inakuwa tope. Zikipanda sana zinaingia njia ya mwimbaji.

Kosa la pili ni la mwendo. Kwa mapigo 90, bendi zisizozoea hukimbia zikifika kiitikio, kwa kuwa hisia zinapanda na miguu inafuata. Mpiga dramu aweke kipima mdundo kwenye mazoezi na akifanye kigonge pigo la 2 na la 4 tu, yaani mara 45 kwa dakika. Hapo ndipo uongo hudhihirika. Brashi nazo zina nidhamu: mkono wa kushoto unafagia duara bila kuinuka, wa kulia unagusa. Duara likikatika, wimbo unapoteza sakafu, hata kama hakuna msikilizaji atakayeweza kutaja kilichopotea.

Mwimbaji ana mtego wake pia. Norah huanza misemo mingi nyuma kidogo ya pigo, kisha anafika mwishoni kwa wakati. Wanaomwiga huchelewa mwanzo na mwisho, na bendi inajikuta inamsubiri. Halafu wanaongeza pumzi kwenye sauti mpaka maneno yanayeyuka. Msikilize tena yeye mwenyewe: konsonanti zake ziko wazi kabisa.

Kuna jambo la studio ambalo mashabiki wa jazi wangepaswa kulipenda zaidi. "Don't Know Why" tunayoijua imejengwa juu ya rekodi ya majaribio. Baada ya majaribio yale, Norah aliingia Allaire Studios, jimbo la New York, na mtayarishaji Craig Street, wakatengeneza kazi nzito zaidi, magitaa mengi, hewa nyingi. Bruce Lundvall, aliyekuwa rais wa Blue Note, aliona imekwenda mbali na urahisi wa majaribio. Akaletwa Mardin, mtu aliyefanya kazi na Aretha Franklin, na busara yake kubwa ilikuwa kutogusa sana. Baadhi ya nyimbo za Street zilibaki. Nyingine zilisubiri hadi toleo la miaka 20, mwaka 2022, na anayedhani albamu ilikuwa laini kwa sababu Norah hakujua njia nyingine aanzie huko.

Jina la Street linanileta kwenye lalamiko ambalo mimi naliona ndilo zito kuliko yote, ingawa husikika mara chache. Mwaka 1993, Blue Note hiyohiyo, Street huyohuyo alitayarisha Blue Light 'Til Dawn ya mwimbaji wa jazi Cassandra Wilson: magitaa ya akustika, bluzi, nyimbo za folki, sauti nzito ya chini. Mwaka 1995 ikafuata New Moon Daughter, na humo Wilson anaimba Hank Williams. Yaani ramani ilikuwa imeshachorwa miaka karibu kumi kabla, na mwimbaji aliyekomaa zaidi, mwenye kuhatarisha zaidi. Alisifiwa, akapata Grammy ya jazi, lakini mamilioni ya wanunuzi hayakuja. Kosa hilo si la Norah. Ila mtu akisema albamu ya 2002 ilifungua njia, mpe Blue Light 'Til Dawn na umwache nayo wiki moja.

Wale wanaoing'ang'ania kuwa ni jazi safi nao wapunguze moto. Grammy wenyewe waliiweka kwenye vipengele vya pop. Albamu Bora ya Jazi ya Kuimba usiku ule ilikuwa Live in Paris ya Diana Krall. Hata kuchukua wimbo wa kantri si hoja ya upande wowote: "Cold Cold Heart" ya Williams ilipelekwa kileleni na mwimbaji wa pop Tony Bennett mwaka uleule wa 1951.

Kwa anayetaka kuamua kwa masikio yake badala ya maneno ya watu, weka "The Nearness of You", wimbo wa mwisho. Ni sauti na piano tu, hakuna pa kujificha. Kisha weka wimbo huohuo ulivyoimbwa na Ella Fitzgerald na Louis Armstrong mwaka 1956. Usilinganishe sauti, hapo utamwonea mtu. Sikiliza mkono wa kushoto wa Norah: mara ngapi unaacha pigo la kwanza wazi, mara ngapi unabadilisha kodi mwimbaji akiwa bado ameshikilia noti.

Kisha ruka hadi Day Breaks ya mwaka 2016, Blue Note tena. Brian Blade amerudi, safari hii Wayne Shorter yupo naye. Humo kuna "Peace" ya Horace Silver, balladi (wimbo wa polepole) ya mwaka 1959 yenye mzunguko wa baa 10 (baa ni kifungu cha mapigo) badala ya 8 au 12 zilizozoeleka, hivyo anayehesabu kwa mazoea hupotea mapema. Wimbo huohuo Norah alikuwa ameurekodi kwenye First Sessions, ile EP (rekodi fupi kuliko albamu) ya 2001, kabla ya tuzo na kabla ya mamilioni. Weka rekodi hizo mbili moja baada ya nyingine, uhesabu baa kwa vidole.