Jinsi chama chetu cha mto kilivyopata ruzuku ya kuzuia uchafuzi wa maji

Ushauri wa kwanza tuliopewa ulikuwa mbaya, na ninautaja kwa sababu bado unazungushwa kila bonde: "Ruzuku za maji hugawanywa kwa kujuana. Tafuteni mheshimiwa." Wa pili ulikuwa mbaya zaidi, maana ulitoka kwa mtu aliyejiita mtaalamu na akatutoza pesa. Andikeni uchungu wenu, alisema, wekeni picha za watoto wakichota maji machafu, wenye hela watawahurumia. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili na katibu wa chama cha watumiaji maji, WRUA kama tunavyoviita vyama hivi, kwenye kijito kinachoshuka kutoka Mlima Kenya hadi mashamba ya kahawa ya Kaunti ya Embu. Ruzuku tumeipata. Mheshimiwa hatukumtafuta.

Andiko la yule mtaalamu lilikuwa nene na zuri kwa macho. Lilikuwa na jalada la rangi, picha kumi na kitu, na kurasa nzima za kueleza jinsi mama zetu wanavyoteseka, jambo ambalo ni kweli tupu. Lilipelekwa mahali pasipohusika kabisa. Alikuwa amesikia kwamba kuna Hazina ya Usawazishaji, akaona neno "maji" katika maelezo yake, basi akatuma huko. Hazina hiyo imewekwa na Kifungu cha 204 cha Katiba: nusu asilimia ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa kimaendeleo. Tume ya Ugavi wa Mapato ndiyo inayotaja maeneo hayo. Orodha yake ya kwanza ilikuwa na kaunti 14, kuanzia Turkana na Mandera hadi Kwale, Lamu na Taita Taveta. Embu haikuwamo. Sera ya pili iliacha kuhesabu kaunti nzima nzima ikashuka hadi maeneo madogo, 1,424 katika kaunti 34. Hata hivyo hiyo ni hesabu ya umaskini na ukosefu wa huduma. Mto wenye maji tele yaliyochafuliwa na viwanda vya kahawa haumo katika kipimo chake, hata ukilia kurasa mia.

Pesa zetu za harambee zikaishia kwenye jalada la rangi. Wanachama walikasirika, na wengine wakaacha kuja mikutanoni.

Baada ya hapo nilikaa chini nikasoma. Nilitaka kujua pesa za serikali zinazoweza kugusa maji machafu zinagawanywaje kati ya sehemu na sehemu. Nikaona kwamba kila mfuko una kipimo chake, na anayeomba bila kujua kipimo anapoteza nauli.

Chukua mgao mkubwa wa kaunti, yaani pesa ambazo serikali kuu huzigawia kaunti, ule ambao Seneti iliugombania kwa majuma mengi mwaka 2020. Kanuni ya tatu iliyopitishwa mwaka huo ilipima hivi: mgao sawa kwa kila kaunti asilimia 20, idadi ya watu 18, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, ukubwa wa ardhi 8, barabara 8, miji 5. Jumlisha, inatimia mia. Sasa nionyeshe mto uko wapi hapo. Haupo. Kaunti iliyo juu ya mto ikiusafisha haiongezewi hata shilingi, na ikiuchafua haipunguziwi, ingawa maji yanayotoka kwake ndiyo yanayonywewa na kaunti zilizo chini. Hili linaniudhi hadi leo, na ningependa maseneta wetu waulizwe kila wanapokuja kuomba kura.

Ruzuku za tabianchi nazo, zilizoanza 2021 kwa msaada wa Benki ya Dunia na wengine, zinataka kaunti iwe na sheria ya hazina yake, itenge sehemu ya bajeti yake ya maendeleo, na iwe na kamati hadi ngazi ya wadi. Kaunti ikizembea kutimiza masharti, wananchi wake wanakosa, hata mto wao uwe mweusi namna gani. Kwa hiyo usiende kwa mwakilishi wa wadi kuomba mradi kabla hujauliza kama masharti ya mwaka huo yametimizwa. Sisi tuliuliza, na kwa jibu tulilopewa tukaona tusisubiri huko.

Mfuko uliotufaa ni Hazina ya Amana ya Sekta ya Maji. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016 hazina hii inaweza kutoa ruzuku kwa kaunti na pia kufadhili juhudi za jamii za kutunza vyanzo. Hapo ndipo chama kama chetu kinapopata mlango. Lakini hata huko nchi haigawanywi kwa usawa wa kukata keki. Sehemu kubwa ya pesa huja na mwenyewe: mfadhili anataja bonde analolitaka. Mradi wa Tana ya Juu, ambao serikali iliuendesha pamoja na IFAD, mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, ulihusu kaunti sita tu, yaani Murang'a, Nyeri, Kirinyaga, Embu, Tharaka Nithi na Meru. Sababu inajulikana. Maji mengi ya Nairobi yanatoka katika bonde hili, na mabwawa ya umeme ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere yapo sehemu yake ya chini. Udongo na uchafu unaoachiliwa huku juu ndio unaokwenda kutua mabwawani. Sisi tulikuwa upande wenye bahati na sioni aibu kulisema. Ila nawasikitikia wenzetu ambao mito yao haimo katika bonde linalolisha mji mkuu.

Nilipokwenda ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji na lile andiko nene, afisa aliyenipokea, kijana mwenye heshima, alilifunua kurasa mbili tatu akalifunga.

"Mwalimu, hapa mmeandika kilio. Bonde lenu dogo liko daraja gani?"

Hilo ndilo swali. Mabonde madogo yamewekwa katika madaraja kulingana na hali ya maji yake: ya kuridhisha, ya tahadhari, na ya hatari. Ukiwa daraja la kuridhisha, foleni ni ndefu. Sisi, kwenye karatasi, tulikuwa wa kuridhisha, na maji yalikuwa yananuka hadi ng'ombe wanayakataa.

Ilikuwaje? Kwa sababu sampuli zilikuwa zikichukuliwa saa tano mchana, siku ya kazi, mahali gari linapofika. Sasa kila aliyekulia kwenye kahawa anajua kwamba buni mbivu huletwa kiwandani alasiri, humenywa jioni hadi usiku, na matangi ya kuchachushia huoshwa alfajiri. Saa tano ya mchana mto umekwisha kujisuuza. Na nje ya msimu kiwanda kimelala kabisa. Akina mama wachumaji ndio walionieleza saa kwa saa, kiwanda kwa kiwanda, na ratiba yao ilikuwa sahihi kuliko yoyote iliyobandikwa ofisini.

Tukamwomba yule afisa atupe chupa za maabara na atuonyeshe namna ya kuchota: mdomo wa chupa uelekee mto unakotoka, ijae pomoni bila hewa, ifungwe ndani ya maji. Kipimo cha uchafu unaokula oksijeni hakisubiri. Sampuli ikikaa kwenye joto, vijidudu vinaendelea na kazi humo humo na jibu linaharibika. Barafu tuliipata kwenye chama cha maziwa, kisanduku cha kubebea tukaazima kwa muuza soda, na mwendesha bodaboda mmoja, mjukuu wa mwenyekiti wetu, akalala na viatu msimu wa mavuno ya Oktoba hadi Desemba. Mama mmoja anayeishi karibu na kiwanda alikuwa akinibipu mara tu harufu ikibadilika. Tulichota juu ya kiwanda cha kwanza, chini yake, na karibu na bomba la mji, alfajiri ile ile, na afisa akiwa nasi ili asije mtu kusema tumechanganya. Hapa usipunguze gharama. Kulipia maabara inayotambuliwa kulituchukua karibu akiba yote iliyobaki, na ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote katika ukatibu wangu.

Kwa kipimo hicho cha oksijeni inayoliwa, kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliruhusu miligramu 30 kwa lita katika maji yanayoachiliwa mtoni. Juu ya kiwanda, mto wenyewe ulikuwa chini sana ya hapo. Chini ya kiwanda ulipita mara kadhaa. Karatasi hizo tatu zilifanya kazi ambayo jalada la rangi halikuweza. Hali ya bonde ikaandikwa upya, mpango wa usimamizi wa bonde dogo ukaandaliwa kwa ruzuku ndogo ya mwanzo, na tulipoitolea hesabu hiyo ndipo ikafunguliwa ile kubwa. Usiruke hatua ya ruzuku ndogo. Kuna chama jirani kilichoomba mamilioni moja kwa moja na bado kinasubiri.

Ruzuku haikumchimbia mwenye kiwanda shimo lake la maji machafu, na ilikuwa sawa isimchimbie. Shimo ni wajibu wake, na wenye viwanda vyote viwili sasa wamechimba, baada ya matokeo yetu kufika NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Sisi tulilipia vigingi vya kingo za mto, kati ya mita 6 na 30 kila upande, kung'oa mikaratusi, kupanda mianzi na nyasi, na kukinga chemchemi. Mzee mmoja alikataa katakata kigingi kisipite kwenye nduma zake. Tulikaa naye, tukanywa chai, tukampa kazi ya kitalu cha miche. Leo ndiye anayewafokea wengine.

Wenzetu wa bonde la Nzoia wameniandikia wakiuliza waanzie wapi. Nimewajibu waulize daraja la bonde lao dogo, kisha waulize sampuli zilizowapa daraja hilo zilichukuliwa saa ngapi na mwezi gani. Kwao ni viwanda vya sukari, si kahawa, hivyo saa zitakuwa tofauti. Wafanyakazi wa zamu ya usiku watawaambia.