Mawe ya Goma, tope la Nyabibwe

Anayetoka Goma kwenda Bukavu kwa gari, tairi zake huanza kuumia kabla hajauacha mji. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji hadi Ziwa Kivu, na ilipopoa watu wakajenga upya juu yake. Mawe yake ni meusi, yana vitundu, na kingo zake hukata kama chupa iliyovunjika. Ukiacha lami kidogo tu ukaingia mitaani, unayakanyaga.

Tulipitia kwanza kwa kwado, fundi wa tairi. Jipu letu, Prado, lilikuwa na tairi za okazi, yaani zilizokwisha kutumika, na mzee yule hakujali meno. Aliinama akabinya ubavu wa kila tairi kwa vidole gumba, akitafuta nyufa. Kisha akasoma tarakimu nne za mwisho kwenye ule mstari wa DOT, alama iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 3514.
"Mdogo wangu, hii ilitengenezwa juma la 35, mwaka 2014. Meno mazima, lakini mpira umekwisha kukauka. Uitoe, usisafiri juu yake."
Tukaibadilisha. Nampongeza mpaka leo, maana wengi wangeuza upepo na kunyamaza.

Sake hadi Minova tulikwenda vizuri, ziwa likiwa kushoto. Mvua ilitukuta karibu na Nyabibwe, na hapo ndipo njia ilipogeuka udongo wa mfinyanzi. Tairi zetu ni za meno ya wastani. Tope lilijaa kwenye nafasi zake, likabaki humo, gari likaanza kuteleza ovyo. Hilux iliyotufuata ilikuwa na meno makubwa yaliyoachana, ikawa inalitupa tope kila tairi ilipozunguka, ikatupita. Tulitoa upepo kutoka bari 2.2 hadi 1.5 ili tairi ilalie ardhi kwa urefu zaidi, tukapanda polepole bila kukata usukani kwa ghafla.

Juu ya kilima Fuso la viazi lilikuwa limesimama. Shofere alikuwa amelala chini, akilichokonoa kwa chuma jiwe lililobana katikati ya tairi mbili za nyuma. Asipolitoa, alisema, litakula mbavu zote mbili kabla ya Kalehe. Alipomaliza akagonga kila tairi kwa kile chuma, akisikiliza: yenye upepo hurudisha mlio, iliyoishiwa hutoa sauti nzito. Shofere yule alinifundisha zaidi ya duka lolote la tairi.

Baada ya tope tulirudisha upepo kwa pampu ya umeme, kwa sababu tairi laini hufura ubavuni na kujiweka mbele ya mawe. Hata hivyo, tukipisha lori, jiwe la ukingoni lilichana ubavu wa nyuma kulia, urefu wa kidole. Kwado wa njiani alitaka kuweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani pamoja na tyubu. Najua tairi mpya ni ghali, lakini kuwabeba watu kwa kiraka cha ubavu juu ya mtelemko wa ziwa sikubali. Tuliweka ya akiba.

Kavumu tukapata lami mpaka Bukavu. Kwa kurudi nimeagiza tairi za tope zenye ubavu wa tabaka tatu. Zina kelele na zinakula mafuta zaidi kwenye lami, lakini lami ya njia hii ni fupi.