Mkondo Uliopasuka Kabla ya 1973

Mpwa wangu amezitazama filamu za X-Men, zile za mutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida, kwa mpangilio aliopewa na kijana mmoja wa Mwembe Tayari, hapa Mombasa, anayewatilia watu filamu kwenye flashi, na kijana huyo alikuwa amezipanga kwa alfabeti. Kwa hivyo, baada ya ile ya kwanza iliyotoka mwaka 2000, ilifuata Apocalypse, ambayo matukio yake ni ya 1983, kisha Dark Phoenix ya 1992, kisha Days of Future Past inayorudi hadi 1973, na ndipo akafika First Class, ambayo ni ya 1962. Nilidhani amechanganyikiwa kabisa. Kumbe kutazama kinyumenyume kulimwonyesha nyufa ambazo sisi, tuliozisubiri filamu hizi mwaka baada ya mwaka, tulizipita tu. Juzi baada ya sala ya Isha, tulipokuwa tumeketi barazani kwetu Kibokoni na birika la kahawa katikati yetu, aliniuliza kuhusu kiongozi wa X-Men, yule asomaye akili za watu: "Mjomba, huyu Profesa Xavier alipooza miguu lini hasa?"

Nilimjibu kwa haraka ya mtu anayejua: mwaka 1962, katika ufuo wa Cuba, risasi iliyomlenga Magneto ilipochepushwa na Magneto mwenyewe kwa nguvu zake za kuamuru chuma, ikamwingia Xavier mgongoni. "Basi mbona kwenye Origins anatembea?" akaniuliza, akimaanisha filamu nyingine ya mfululizo huo, ambayo kilele chake ni cha baada ya 1962. Nikaingia ndani nikatoka na kalenda ya mwaka jana na kalamu mbili, ya buluu na nyekundu, nikaipindua kalenda upande usio na maandishi, tukaanza kuchora.

Jibu ambalo mashabiki wengi hulitoa kila wanapobanwa ni moja: Days of Future Past ilisawazisha kila kitu. Katika filamu hiyo ya 2014, roho ya Logan, mutanti mwenye makucha aitwaye pia Wolverine, inatumwa kutoka 2023 na kuingia katika mwili wake wa 1973 ili amzuie Raven, yule anayejibadilisha umbo, asimuue Bolivar Trask, mbunifu wa majitu ya kuwawinda mutanti. Logan anafaulu, na anapoamka tena 2023 anawakuta Jean Grey na Scott, wanafunzi wa Xavier waliokuwa wamekufa, wakiwa hai. Kwa hivyo, husema watu, kuna mikondo miwili ya wakati, wa zamani na mpya, na lolote lisilopatana na jingine litupwe katika mkondo mmojawapo, mambo yaishe.

Mimi pia niliwahi kuridhika na jibu hilo, mpaka nilipolichora. Nilipiga mstari wa buluu kutoka 1944, nikaufikisha 1973, na hapo nikaupasua: buluu ikaendelea na safari yake, nyekundu ikachepuka. Mto ukigawanyika mikono miwili, maji yaliyo juu ya mgawanyiko ni yale yale kwa mikono yote miwili, nayo 1962 iko juu ya 1973. Mabadiliko aliyoyafanya Logan yanaweza kueleza kwa nini Jean wa 1992 hafanani na Jean wa filamu ya 2006, lakini hayawezi kugusa hata dakika moja ya yaliyotokea kabla hajawasili.

Na kabla hajawasili ndiko kwenye fujo yote. Katika filamu ya 2000 Xavier anasimulia kwamba alikutana na Erik Lehnsherr, ambaye baadaye ndiye Magneto, alipokuwa na umri wa miaka 17. Katika First Class, Xavier ni mtoto mwaka 1944, na hakutani na Erik ila 1962, akiwa mtu mzima aliyekwisha kusoma Oxford. Tena wanakutana baharini, usiku: Erik ameing'ang'ania nyambizi ya adui yake kwa nguvu za sumaku, inamvuta chini kwa kuwa hataki kuiachilia, na Xavier anajitupa majini kumwokoa. Mpwa wangu, aliyekulia karibu na maji na anayejua mtu anayezama huwaje, alisema maneno ambayo sikuwa na jibu lake: mkutano kama huo mtu hasahau ulikuwa mwaka gani.

Kuhusu miguu, watetezi wana hoja nzuri zaidi, nami nataka niitendee haki. Katika 1973 tunamwona Xavier akitembea, kwa sababu Hank, mutanti mwenzake aliye mwanasayansi, amemtengenezea dawa ya sindano inayomrudishia miguu. Kwa nini basi, wanauliza, asiwe aliitumia dawa hiyo hiyo katika Origins, ambapo anaonekana amesimama kando ya helikopta kwenye kinu cha Three Mile Island, mahali ambapo ajali ya kweli ilitokea 1979? Na katika The Last Stand, ile filamu ya 2006, ambapo anaingia kwa miguu nyumbani kwa akina Jean, akiwa na Erik, miaka 20 kabla ya kisa chenyewe? Hoja hii inapendeza, ila ina tundu, na tundu lenyewe limo ndani ya dawa. Dawa ya Hank ilimpa miguu na kumnyang'anya akili yake yenye uwezo wa kuingia katika akili za wengine. Ndiyo sababu Xavier wa 1973 ni mlevi aliyekata tamaa, asiyesikia sauti ya mtu yeyote kichwani. Lakini katika Origins ni sauti yake Xavier, ndani ya kichwa cha Scott aliyefungwa kitambaa machoni, inayowaongoza vijana waliokuwa wametekwa kona baada ya kona mpaka nje, na kisha tunamkuta amesimama kwa miguu yake miwili. Hawezi kuwa na vyote viwili.

Yapo mengine ambayo sitayakalia sana. Emma mwenye ngozi ya almasi ni mwanamke kamili 1962, na katika Origins ni msichana. Magneto alikuwa kijana katika kambi ya mateso mwaka 1944, kwa hivyo 1992 alipaswa kuwa amevuka miaka 60, ilhali Michael Fassbender alikuwa na miaka 42 filamu hiyo ilipotoka. Hili la umri silihesabu kama kosa la mkondo. Ni la mtu anayewapaka waigizaji vipodozi.

Nadharia yangu, ambayo najua filamu zenyewe haziisemi, ni kwamba mkondo ulikuwa umekwisha kupasuka kabla ya 1962, pengine kabla hata ya 1944, na kwamba Logan hakurudi katika ujana wa ulimwengu wake bali alitua katika ulimwengu jirani. Tangu mwanzo zilikuwa riwaya mbili, yaani masimulizi mawili tofauti, za kisa kimoja. Sisi watu wa pwani hatuwezi kushangazwa na jambo hilo: Fumo Liyongo, shujaa wetu ambaye hakuuawa na kitu ila sindano ya shaba kitovuni, mpaka leo wataalamu hawajakubaliana aliishi karne gani, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa sababu hiyo mwanawe hakumchoma. Riwaya zote zinafika kwenye sindano. Vivyo hivyo, riwaya zote mbili za X-Men zinafika 1973 kwenye Raven na bastola yake, na hapo ndipo palipokuwa na mlango wa kuvukia.

Nilifurahi. Nilichora mstari mwekundu upya, kuanzia mwanzo kabisa wa karatasi, sambamba na wa buluu, na katika 1973 nikaweka daraja dogo. Mpwa wangu aliutazama mchoro huo kwa muda, akamega kashata, kisha akaniuliza: "Na makucha je, mjomba?"

Katika The Wolverine ya 2013, kule Japani, makucha ya chuma ya Logan yanakatwa kwa upanga wa moto, na yanayoota mahali pake ni ya mfupa. Katika 2023, kabla hajatumwa popote, ana makucha ya chuma tena. Wapo wanaosema Magneto ndiye aliyemrudishia, lakini hakuna tukio linaloonyesha hivyo, na mikondo yangu miwili haisaidii chochote, kwa sababu hayo yote yamo katika mstari mmoja, ule wa buluu, bila mgawanyiko wowote katikati. Nilishika kalamu, sikuandika kitu. Mpwa wangu akaichukua ile nyekundu, akaandika "makucha" baina ya Japani na 2023, akalizungushia duara, akamalizia kahawa yake iliyokwisha kupoa.