Karatasi mbili pale Mtera

Dereva alitushauri tukachujie maji Dodoma, kwenye kivuli na umeme. Lilikuwa jua kali la saa saba, mwezi Machi, nasi tumesimama chini ya ukuta wa bwawa la Mtera. Dada aliyekuwa akituongoza alikataa katakata.

"Humu ndani kuna bakteria. Tukifika Dodoma watakuwa wameshaanza kula kile tulichokuja kupima."

Tulikuwa tunapima kaboni ya mabaki ya viumbe: majani, mizizi, mboji, kila kinachooza na kuingia mto Ruaha Mkuu. Nilikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, na ukali wake nilianza kuuelewa siku hiyo. Asubuhi alitukataza hata kupaka losheni, maana nayo ni kaboni. Chupa zilikuwa za kioo, zimechomwa kwenye tanuri kwa nyuzi 450 ili zisibaki na chochote.

Tukaanza na maji tuliyochota juu, kabla mto haujaingia bwawani. Nilisukuma pampu ya mkono kidogo tu, chujio likaziba. Karatasi ilitoka nyekundu ya udongo, vipande vya majani vimeigandia, na kijimzizi chembamba cha nyasi kimelala katikati. Maji ya chini ya ukuta yalipita bila shida, yakaacha utando mwembamba wa kijani.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa amesogea. "Mbukwenyi," akatusalimu, tukaitikia, dada akaongeza shikamoo.

"Mnaona wanangu? Bwawa linasafisha maji."

"Tope limetua kweli, baba. Lakini tazama yaliyopita."

Akainua chupa mbili mbele ya karatasi nyeupe. Maji yote mawili, ya juu na ya chini, yalikuwa na umanjano, kama chai ya rangi iliyoongezwa maji mengi. Kilichoyeyuka hakishikwi na chujio, kinashuka na mto hadi bwawa la Kidatu, huko chini. Na ule ukijani haukutoka mtoni. Maji yakisimama na tope likatua, mwanga unapenya, mwani unaota humo humo bwawani. Bwawa limezuia kaboni ya namna moja na kutengeneza ya namna nyingine. Anayepima tope peke yake ataandika kwamba maji yamesafika, na ripoti za hivyo huniumiza sana, kwa sababu mto uliobadilishwa hivyo unaonekana mzima.

Dada akadondosha asidi hadi pH 2, yaani maji yakawa makali kwa asidi, ili kaboni ya chumvi za mawe itoke kama gesi na bakteria wasimame. Kisha chupa zikaingia kwenye boksi la barafu, gizani, maana mwanga nao huvunjavunja ile rangi ya umanjano.

Mzee alikuwa bado ameinamia karatasi ya kijani.

"Hiki si ndicho chakula cha perege?"

"Ndicho, baba."

"Basi msije mkakiandika uchafu."

"Hatukiandiki uchafu. Tunakipima peke yake," dada akamjibu, akaikunja karatasi ndani ya foili na kunipa kalamu niandike jina la kituo.